Wale Watu wa Gurudumu: Klabu za Huduma Hufanya Nini, na Kikundi Chako Kitawafikiaje?



Kila ninapokaa na kikundi, iwe ni Nyalenda au Obunga hapa mjini, iwe ni Ahero au Kadibo kule Kano, kuna swali ambalo haliishi kuulizwa. Watu wameona kibao kimesimama kando ya kisima au ukutani mwa darasa. Juu yake pamechorwa gurudumu lenye meno kama la mashine, au herufi moja kubwa na vichwa viwili vya simba. Basi wanauliza: "Hawa ni akina nani? Ni serikali? Ni kanisa fulani? Ama ni watu wa siasa wanatafuta kura? Na sisi tukiwataka, mlango wao uko wapi?"

Gurudumu ni alama ya Rotary. Simba ni alama ya Lions. Zote mbili ni klabu za huduma, na zote zina wanachama hapa Kisumu. Leo nitaeleza zaidi habari za Rotary kwa sababu ndiyo ninayoulizwa sana, lakini mengi yanafanana. Nitaeleza pia kosa moja tulilolifanya wenyewe, ili wewe usilirudie.

WALIANZA KAMA NYOLUORO

Akina mama wa huku wanaijua nyoluoro. Mko kumi au kumi na watano. Leo mnakutana kwa mmoja wenu, mnachanga, anapewa yeye. Wiki ijayo mnazunguka kwenda kwa mwingine, mpaka wote wamepata. Neno lenyewe latokana na huko kuzunguka. Ukilielewa hilo, umekwisha kuielewa nusu ya Rotary.

Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago kule Marekani, wakili aitwaye Paul Harris alikutana na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi wa kushona nguo. Harris alikuwa amelelewa katika mji mdogo ambapo watu hujuana kwa majina, na katika mji ule mkubwa aliona upweke. Wakakubaliana wawe wanakutana kwa zamu, leo ofisini mwa huyu, siku nyingine ofisini mwa yule. Kuzunguka huko ndiko kulikowapa jina, maana neno Rotary lina maana ya kuzunguka.

Mwanzoni walisaidiana wao kwa wao katika biashara. Lakini haukupita muda mrefu wakaona kwamba kula pamoja na kucheka pamoja hakutoshi. Na je, kazi yao ya kwanza ya kuhudumia mji ilikuwa nini? Vyoo! Kuanzia mwaka wa 1907 walisukuma mpaka Chicago ikajenga vyoo vya umma. Wale wanaodhani vyoo ni shida ya Manyatta na Bandani peke yake, na wajue kwamba hata miji ya wazungu ilianzia hapo hapo.

Katika Afrika Mashariki klabu ya kwanza ilikuwa ya Nairobi, mwaka wa 1930. Kwa miaka mingi wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama, hadi sheria za Rotary zilipobadilishwa mwaka wa 1989. Leo mwanamke anaweza kuwa mwanachama, na hata mwenyekiti.

MKUTANO WAO UKOJE?

Mara ya kwanza nilipoalikwa kuzungumza katika mkutano wa klabu, nilivaa nguo yangu ya Jumapili nikaenda hoteli moja mjini saa ya chakula cha mchana. Moyo ulikuwa ukidunda. Nilidhani nitakuta watu wakubwa wamenuna. Kumbe walikuwa wakicheka kama watoto wa shule.

Mwenyekiti, ambaye wao humwita rais wa klabu, huvaa mkufu mkubwa shingoni. Anagonga kengele, mkutano unaanza. Huimbwa wimbo wa taifa. Wageni wanatajwa kwa majina na kukaribishwa. Kisha anasimama msimamizi wa nidhamu, wao humwita sajini, na kazi yake ni kutoza faini. Huyu amechelewa: faini. Yule simu yake imelia: faini. Yule mwingine picha yake imetoka gazetini: naye faini, kwa kujivuna! Watu wanacheka, lakini pesa zinaingia kikapuni. Baadaye katibu anasoma habari za miradi, mgeni anapewa dakika kama ishirini za kuzungumza, anaulizwa maswali, kengele inagongwa tena. Saa moja imekwisha, kila mtu anarudi kazini kwake.

Kuna mambo matatu ambayo yafaa vikundi vyetu viige.

Kwanza ni kutunza saa. Sisi tunaitisha mkutano saa nne, tunaanza saa sita na nusu, halafu tunashangaa mbona vijana hawaji.

Pili ni mahudhurio. Tangu zamani Rotary ilishika desturi ya kukutana kila wiki, na mahudhurio yaliandikwa. Mwanachama akiwa safarini, aliweza kuhudhuria klabu ya mji ule aliko na ikahesabiwa. Mwaka wa 2016 sheria ililegezwa, klabu ikaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi. Hata hivyo klabu nyingi zimeshika wiki yao.

Tatu ni uongozi wa mwaka mmoja. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai. Siku hiyo rais wa zamani anavua mkufu anamvika mwingine, naye anarudi kukaa kwenye viti pamoja na wenzake. Sisi tunavyo vikundi ambavyo mwenyekiti ni yule yule tangu kikundi kiandikishwe, na kitabu cha benki analala nacho chini ya mto. Hapo sitaji mtu. Anayejijua anajijua.

SWALI LA DANI

Niliporudi kutoka mkutano ule niliwaeleza akina mama wa kikundi yale niliyoyaona. Dani mmoja, bibi wa zaidi ya miaka sabini, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Nyathina, mtoto wangu, yaani hawa watu wanakula nyama hotelini huku wakizungumza njaa yetu?"

Wengine walicheka, lakini mimi sikucheka, maana swali lenyewe ni la haki. Nililipeleka kwa mwanachama mmoja nikamwuliza bila kuficha. Hakukasirika. Alinieleza kwamba chakula kila mwanachama hujilipia, na ada ya uanachama hulipa kutoka mfukoni mwake. Pesa zinazochangwa kwa ajili ya miradi huwekwa kando na hazinunui hata soda. Tena akaongeza jambo ambalo lilinikaa moyoni: "Mkutano ndio unaotuunganisha. Daktari, mwenye duka la vyuma, mwalimu na wakili wasipokaa meza moja, hawatajua kila mmoja anaweza kusaidia nini."

Hapo ndipo penye siri ya klabu. Tangu mwanzo Rotary ilitaka watu wa kazi mbalimbali, wasiwe wa kazi moja tu. Kikundi kikitaka kisima, mhandisi yumo. Kikitaka barua ya kisheria, wakili yumo. Msaada wao mkubwa mara nyingi hauko kwenye pesa. Uko katika ujuzi wao na watu wanaojuana nao. Hapa Kisumu, mji ambao watu wa makabila na dini nyingi wamefanya biashara pamoja tangu reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901, meza moja inaweza kuwa na Mjaluo, Mluhya, Mhindi na Mzungu, na kati yao Mkatoliki, Mwislamu, Mhindu na Singasinga. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nilimrudishia Dani jibu. Alitikisa kichwa akasema: "Sawa. Lakini siku moja waje wale hapa kwetu pia." Nakubaliana naye kabisa, na chini nitaeleza kwa nini.

KAZI WANAZOFANYA

1. Polio. Hii ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, utakutana na mtu mzima ambaye mguu wake mmoja ulikonda tangu utotoni. Wengi wa hao waliupata ugonjwa huu kabla chanjo haijaenea. Mwaka wa 1985 Rotary iliahidi kuchangia chanjo ya polio kwa watoto wa dunia nzima. Mwaka wa 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Wakati ule polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka, katika nchi 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio. Lakini tusilale. Virusi hivyo bado vinazunguka Pakistan na Afghanistan, na ugonjwa husafiri. Mwaka wa 2013 ulirudi Kenya kupitia kaskazini mashariki na kupooza watoto. Tena mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, hutokea aina nyingine ya virusi, inayotokana na virusi dhaifu vya chanjo vilivyozunguka kwa muda mrefu. Dawa ya yote ni ile ile: kila mtoto akamilishe chanjo zake.

2. Macho. Hii ni sifa ya Lions hasa. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka wa 1917, pia Chicago, na Melvin Jones. Mwaka wa 1925 Helen Keller, mama aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwaomba Lions wawe watetezi wa vipofu. Wakakubali, na hawajaiacha kazi hiyo. Hospitali ya macho ya Lions iko Loresho, Nairobi. Yafaa tujue kwamba wazee wengi tunaowaongoza kwa fimbo hawakupofushwa na uchawi, wala na umri peke yake. Wana mtoto wa jicho, na upasuaji mfupi unaweza kuwarudishia nuru. Ukisikia kambi ya macho imetangazwa, mlete mzee wako.

3. Maji na usafi. Huku kwetu tunalo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado kipindupindu hutupiga. Katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda visima vifupi viko karibu sana na vyoo vya shimo, na maji ya chini yako juu. Kule Kano mto Nyando ukifurika, choo na kisima huwa kitu kimoja. Kwa hiyo visima virefu, chemchemi zilizojengewa, matangi ya mvua mashuleni na vyoo ni kazi ambazo klabu huzipenda.

4. Vijana. Rotary ina klabu za wanafunzi wa sekondari ziitwazo Interact, tangu 1962, na za vijana wakubwa ziitwazo Rotaract, tangu 1968. Kijana asiye na pesa anaweza kujiunga huko, ajifunze kuongoza mkutano na kuzungumza mbele ya watu.

KISIMA KILICHOTUFUNDISHA

Sasa nieleze kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi kimoja cha akina mama kuandika barua kwa klabu fulani. Tuliomba kisima. Klabu ilikubali, mafundi wakaja, maji yakatoka, pampu ya mkono ikafungwa. Siku ya kufungua tulicheza mpaka jioni. Picha zilipigwa, kibao kikasimamishwa.

Mwaka wa pili pampu ikaanza kuwa nzito. Baadaye ikatoa maji kidogo, halafu ikakauka kabisa. Maji chini yalikuwapo! Vilivyokwisha ni vipira vya ndani ya pampu, vitu ambavyo bei yake haifiki hata ya mbuzi mmoja. Lakini hapakuwa na hata shilingi kikundini, hapakuwa na fundi kijijini, na kila mtu alisema: "Wenye kisima watakuja." Wenye kisima ni nani? Watu wa gurudumu. Kumbe watu wa gurudumu nao walidhani wenye kisima ni sisi.

Akina mama walirudi mtoni. Katika msimu ule watoto waliugua kuhara, na mmoja hakupona. Sitaandika jina lake. Lakini kila nikipita pale humkumbuka, kwa sababu ile barua ya kuomba kisima niliiandika kwa mkono wangu, na hakuna mahali nilipouliza pampu ikiharibika itakuwaje.

Siwalaumu waliotoa, na siwalaumu akina mama. Wote tuliharakisha. Mtoaji alitaka kuona maji, nasi tulitaka kuyanywa. Hakuna aliyeketi na Dani na wenzake kuuliza: nani atashika ufunguo, nani atachanga, nani atafunzwa kufungua pampu?

Baadaye tulikaa chini. Kikundi kilichagua kamati ya maji, wanawake wengi kuliko wanaume, kwa sababu anayebeba ndoo ndiye anayejua uchungu wake. Kila nyumba ikakubali kuchanga kidogo kila mwezi, na siku hizi hutuma kwa M-Pesa, kila mmoja anaona. Vijana wawili wakafunzwa kutengeneza pampu. Mmoja ni msichana. Safari hii watu wa klabu walikuja kijijini wakaketi chini ya mti, wakala kuon na samaki pamoja nasi, na Dani akapata neno lake. Pampu imeharibika tena mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili ilitengenezwa kabla ya wiki kwisha.

NA ULE UVUMI?

Wengine huninong'oneza: "Lakini hawa si ndio Frimasoni? Ile alama si ya shetani?" Hofu hii ina historia. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Siku zile kila alama isiyojulikana ilitiliwa shaka. Na kweli Kanisa Katoliki limewakataza waumini kuwa Frimasoni, na katazo hilo lipo mpaka leo.

Lakini Rotary si Frimasoni. Haina kiapo cha siri, na wageni hualikwa mikutanoni. Ni kweli kwamba Desemba 1950 Roma iliwakataza mapadre kujiunga nayo na kuwaonya walei wawe waangalifu. Baadaye mambo yalibadilika. Papa Paulo wa Sita aliwapokea wanachama wake, na Juni 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alizungumza na mkutano wao mkuu mjini Roma.

Kuhusu chanjo, nitasema wazi pia. Mwaka wa 2015 maaskofu wetu wa Kenya walitaka chanjo ya polio ya kampeni ile ipimwe kwanza, wakawaomba waumini wangoje. Walisema hawapingi chanjo kwa jumla. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani walisema ni salama, na kampeni ikaendelea. Sisi tunaotembelea nyumba tulikuwa katikati. Nilichojifunza ni kwamba mama anayeuliza hapaswi kufokewa. Mjibu, kaa naye, halafu mfuatane mpaka kliniki muangalie kadi ya mtoto.

JINSI YA KUWAFIKIA

Haya, sasa tuje kwenye mlango.

1. Anzeni na mlicho nacho. Kikundi kiwe kimeandikishwa, kiwe na katiba, kitabu cha kumbukumbu na akaunti. Hesabu ikiwa haieleweki kwenu wenyewe, mgeni ataielewaje?

2. Tajeni shida moja, si kumi. Andikeni ni nyumba ngapi zinazohusika, mnateka maji wapi leo, mmejaribu nini tayari.

3. Andikeni mtakachotoa ninyi. Mchanga, mawe, kuchimba mtaro, chakula cha mafundi. Zamani tulikuwa na saga, watu wakaenda kulimiana mashamba. Hiyo saga ni mali, ihesabuni.

4. Andikeni nani atatunza. Hapo ndipo pa kisima chetu. Ukurasa huu ukikosekana, barua isiende.

5. Ulizeni kama mnaweza kualikwa mkutanoni. Mpelekeni mtu anayeijua shida, si anayejua kimombo peke yake. Dakika ishirini, asizidishe.

6. Muwe na subira. Pesa ndogo klabu inaweza kuamua yenyewe. Mradi mkubwa hutaka klabu mbili za nchi mbili ziungane, na mfuko wa Rotary huongezea. Ruzuku kubwa za namna hiyo ni za miradi ya kuanzia dola 30,000, na masharti yake ni kwamba jamii yenyewe iulizwe kwanza na mradi uweze kuendelea baada ya wafadhili kuondoka. Mfuko huo wenyewe ulianza na mchango wa dola 26 na senti 50 tu. Haba na haba hujaza kibaba.

7. Msikubali kila kitu. Mkipewa kitu msichokihitaji, semeni kwa heshima. Na mtoto wenu asipigwe picha akiwa uchi au akilia bila mzazi kukubali. Umaskini haumwondolei mtu heshima yake.

Wanachama wa Rotary wana maswali manne ya kujipima kabla ya kusema au kutenda jambo, yaliyoandikwa na mfanyabiashara Herbert Taylor mwaka wa 1932. Kwa ufupi yanauliza kama jambo ni la kweli, kama ni la haki kwa wote, kama litajenga urafiki, na kama litawafaa wote. Ukiyatazama, hayahitaji mkufu wala hoteli. Kikundi chochote chaweza kujiuliza hayo chini ya mwembe.

Mimi ningeongeza la tano, kwa ajili ya yule mtoto: je, likiharibika, nani atalitengeneza? Liulizeni kabla ya kutia sahihi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kikundi kinachotaka kusaidiwa kuandika barua yake kifike ofisi ya maendeleo ya parokia. Njooni na kitabu chenu cha hesabu, na mfike kwa saa.